Hila, Hiyana na Mwamuzi: Tarikhi Fupi ya Vita vya Vyama Mtandaoni

Katika mwaka 1986 kampuni ya Lucasfilm ya California, iliyojulikana zaidi kwa sinema, ilianza kuujaribu mji usiokuwa na udongo wala mawe, ulioitwa Habitat, ambao wakazi wake waliuingia kutoka majumbani mwao kwa kompyuta ndogo za Commodore 64 zilizounganishwa na nyaya za simu. Humo kila mtu alikuwa na umbo la katuni, nyumba, na sarafu za kuanzia maisha; na kwa kuwa waliousanifu mji ule, Chip Morningstar na Randall Farmer, walitaka kuona watu watafanya nini wakiachwa huru, hapo mwanzo haikuwapo sharia ya kumzuia mtu asimwibie mwenziwe wala asimpige risasi.

Ila mwanya wa kwanza uliotia fora haukuhusu wizi wala risasi. Kulikuwa na mashine moja iliyouza wanasesere kwa sarafu 75, na mashine ya rehani, mbali nayo, iliyonunua wanasesere walewale kwa sarafu 100. Na mahali pengine tufe la kioo liliuzwa kwa 18,000 na kununuliwa kwa 30,000. Watu wachache walioigundua tofauti hiyo walikusanya akiba yao yote, wakakesha wakinunua wanasesere na kuwauza mpaka wakapata mtaji wa kununua matufe, na kulipokucha wasimamizi wakapiga hesabu ya fedha za mji mzima wakakuta zimekuwa mara tano ya zilivyokuwa jana yake. Walipoulizwa utajiri ule wameutoa wapi, walishikilia kuwa wameuchuma kwa haki. Na kwa insafu sioni jinsi ya kuwakatalia, maana kununua penye rahisi na kuuza penye ghali ni biashara iliyo halali katika kila bandari, na aliyekosea hesabu ni yule aliyepanga bei. Sehemu kubwa ya mali ile ilitumika baadaye kugharimia mashindano ya kutafuta hazina, nao mji mzima ukafurahi.

Wizi na mauaji vilipozidi, wakazi wa Habitat walianza kudai amani, lakini hawakupatana juu ya namna ya kuipata. Mmoja wao, aliyekuwa kasisi wa Kiorthodoksi katika maisha yake ya kawaida, aliunda jamaa ya waumini walioapa kutobeba silaha, kutoiba na kutodhuru mtu. Wengine wakamchagua mkuu wa usalama kwa kura. Tangu hapo, basi, njia zote tatu za kuufunga mwanya zilikuwa zimekwisha kuonekana: msanifu abadilishe mashine, chama kijifunge kwa kiapo, au umma umpe mtu mamlaka ya kuhukumu. Michezo ya vita iliyokuja baadaye haikuongeza njia ya nne, bali iliongeza ukubwa wa mali, wingi wa watu, na kina cha uadui.

Hakuna mahali ambapo mambo haya yalijaribiwa kwa ukali kuliko katika mchezo wa EVE Online, ulioanzishwa tarehe 6 Mei 2003 na kampuni ya CCP ya Reykjavik, mji mkuu wa Iceland. Karibu wachezaji wake wote huishi katika ulimwengu mmoja wenye zaidi ya nyota 5,000; hujiunga katika kampuni, na kampuni zikajiunga katika miungano inayotwaa nchi, kutoza kodi, kujenga manowari za angani na kupigana. Manowari ikizamishwa imepotea, na kazi ya miezi hupotea nayo. Fauka ya hayo, kampuni ya CCP ilitangaza tangu mapema kuwa ujasusi, ulaghai na hiyana baina ya wachezaji ni sehemu ya mchezo, na kwamba haitamrudishia mtu mali aliyonyang'anywa kwa sababu tu alimwamini asiyestahili kuaminiwa.

Uzito wa tangazo hilo ulionekana Aprili 2005. Kikundi cha wauaji wa kukodiwa, kilichojiita Guiding Hand Social Club, kilikuwa kimechukua kazi dhidi ya mkurugenzi mwanamke wa kampuni iitwayo Ubiqua Seraph, na kwa muda wa karibu mwaka mzima majasusi wake walijiunga na kampuni ile mmoja baada ya mwingine, wakafanya kazi kwa bidii, wakapandishwa vyeo, hata mmoja wao akawa msaidizi aliyeaminiwa kuliko wote. Siku ya miadi walimvizia mkurugenzi akiwa ndani ya manowari ya fahari ambayo mfano wake ulikuwa adimu mno, wakaizamisha, na saa hiyohiyo wenzao wakafungua maghala kwa funguo walizokabidhiwa wakayakomba. Hasara ilikadiriwa kuwa zaidi ya dola 16,000 za Marekani. Jarida la Kiingereza la PC Gamer liliisimulia habari hiyo kwa kirefu, na watu wengi wasiowahi kuucheza mchezo wakauingia kwa sababu yake. Ni jambo linalostaajabisha, kwani aghalabu mtu hakimbilii mji aliosikia kuwa una wezi hodari.

Sababu yake, kwa maoni yangu, ni kwamba wachezaji walikuwa tayari kustahimili hiyana maadamu waliamini kuwa mwamuzi hana upande. Barazani penye bao, mchezaji anayemzuga mwenziwe kwa maneno hadi akose hesabu atachekwa au atasifiwa, lakini mwenye bao akishikwa anampenyezea rafiki yake kete, mchezo umekwisha. Hayo ndiyo yaliyotukia mwaka 2007, ilipofichuliwa kuwa mfanyakazi mmoja wa CCP, aliyekuwa pia mwanachama wa muungano wenye nguvu kuliko yote wakati ule, Band of Brothers, alikuwa amejipatia kwa cheo chake ramani adimu za utengenezaji wa silaha na vyombo. Thamani ya ramani hizo, ikilinganishwa na mali zilizokuwa zikiibwa kila mwezi na majasusi, haikuwa kubwa. Walakini ghadhabu iliyozuka haikuwa na mfano. Hasa miongoni mwa Goonswarm, mahasimu wa Band of Brothers, kila ushindi wa wakubwa wale sasa ulisomwa upya, na kila kisa cha zamani kikatafutiwa mkono wa Reykjavik.

Kampuni ilijibu kwa mambo mawili. Iliunda idara ya ndani ya kuwachunguza wafanyakazi wake wenyewe, na ikawapa wachezaji baraza la uwakilishi, Council of Stellar Management, lililochaguliwa kwa kura mara ya kwanza mwaka 2008 na kualikwa Iceland kukutana na wasanifu uso kwa uso. Nchi ile hujivunia bunge lililoasisiwa mwaka 930, na yamkini si bahati tupu kwamba wazo la kuwaitia raia wa ulimwengu wa kubuni uchaguzi lilitoka huko. Gazeti la New York Times lilikuwa limeandika juu ya mpango huo tangu Juni 2007, kwa heshima ambayo michezo ya namna hii ilikuwa haijazoea.

Mwishoni mwa mwaka huohuo wa 2008 ulikuja mtihani wa aina nyingine. Iligunduliwa kuwa baadhi ya vituo vya angani, vilivyopaswa kuchanganya malighafi na kutoa bidhaa ghali, vilikuwa kwa hitilafu ya programu vikitoa bidhaa bila ya kutiwa malighafi yoyote, na kwamba waliojua siri hiyo walikuwa wakichuma kimya kimya kwa miaka. Akaunti zaidi ya 70 zilifungwa. Mchumi wa CCP, Dkt. Eyjólfur Guðmundsson, aliyeajiriwa mwaka 2007 kwa kazi ya kupima uchumi wa mchezo, akaanza kueleza hadharani athari zake, nayo bei ya bidhaa zile ikapanda ghafla, kwa kuwa soko lilikuwa limezoea kulishwa na mwanya. Hapa hukumu ilikuwa nyepesi: mtu anayevuna bila kupanda, akajua kuwa shamba halina mbegu, na akaficha, hana udhuru.

Nia, hata hivyo, haionekani kila mara. Februari 2010, katika mchezo mwingine, World of Warcraft, chama mashuhuri cha Ulaya kiitwacho Ensidia kilikuwa cha kwanza duniani kumshinda adui aitwaye Lich King katika vita vya watu 25, kikavuliwa taji lake baada ya muda mfupi na wanachama wake wakafungiwa kwa saa 72, kwa sababu mmoja wao alitumia mabomu ya kawaida yatengenezwayo na mafundi, ambayo kwa kasoro ya programu yalikijenga upya kiwanja kilichopaswa kubomoka chini ya miguu yao. Walijitetea kuwa mabomu yale huyatumia kila siku. Kampuni ya Blizzard, yenye mchezo huo, haikuwasadiki. Mimi naona hukumu ile ilikuwa kali kupita kiasi kwa mtu aliyetumia chombo alichopewa na mwenye mchezo mwenyewe, ingawa nakiri kwamba mabingwa wa daraja lao hawakosi kuona sakafu inayojiziba.

Turejee kwenye EVE, ambako hiyana kubwa kuliko zote ilitukia Februari 2009. Mkurugenzi mmoja wa Band of Brothers, aliyechoka na wenziwe, aliwaendea Goonswarm akitaka kuhamia kwao. Wao wakamwuliza ana mamlaka gani, nao wakatambua kuwa cheo chake kinamruhusu kuuvunja muungano mzima kwa kubonyeza vitufe vichache. Akauvunja. Na kwa kuwa umiliki wa nyota ulifungamana na jina la muungano, ngome zilizojengwa kwa miaka zilipoteza ulinzi wake katika usiku mmoja, na jina lenyewe likasajiliwa na maadui kabla ya wenyewe kuamka. Waliodhulumiwa walisema huu ni mwanya, kwa maana msanifu hakukusudia mtu mmoja aangushe dola bila risasi. Waliofurahi wakasema ni hila ya vita, kwa maana kitufe kilikuwa wazi na funguo zilikabidhiwa kwa hiari. CCP ikaamua kuwa hakuna kanuni iliyovunjwa, na muungano haukurudishwa. Uamuzi huo ulikuwa mgumu zaidi kwao kwa sababu ya aibu ya 2007, kwani lau wangewasaidia Band of Brothers hata kwa chembe, nani angesadiki kuwa ni insafu?

Goonswarm nao hawakukaa na ngawira yao muda mrefu. Mapema mwaka 2010, mwaka mmoja tu baada ya ushindi ule, kiongozi wao mwenyewe aliwakomba hazina, ada za umiliki nazo zilikosa kulipwa, na nchi yote ikawatoka mikononi. Hawakurudishiwa kitu, wakaondoka kwenda kuanza upya kaskazini.

Palikuwapo bado mwanya mmoja ambao hakuna aliyejua aulaumu vipi, nao ni msongamano. Manowari zilipozidi mahali pamoja, mashine za CCP zililemewa, na aliyewahi kujaza uwanja kwa watu wake aliweza kumkuta adui amekwama mlangoni, amezamishwa kabla picha haijamfungukia. Majemadari walijifunza kupigana na mashine kama wanavyopigana na watu, na kila upande uliuita mwenendo huo uchafu ulipotendewa, na mbinu ulipoutenda. Dawa yake, iliyofika mwaka 2012, ilikuwa ni kupunguza mwendo wa wakati wenyewe ndani ya uwanja wenye msongamano, hata kufikia sehemu moja ya kumi, ili kila amri ipate zamu yake. Kwa sababu hiyo, mapigano ya B-R5RB ya Januari 2014, yaliyoanza kwa ada ya umiliki isiyolipwa, yaliendelea kwa takriban saa 21 na kuteketeza manowari 75 za daraja la juu kabisa, na walioshindwa hawakuweza kudai kuwa walishindwa na waya.

Baraza la uwakilishi nalo lilikuwa na misukosuko yake. Mwaka 2009 mjumbe mmoja alilazimika kujiuzulu kwa kuzitumia habari za siri alizozipata barazani ili ajinufaishe sokoni. Mwaka 2019 CCP ilimtangaza mjumbe mwingine kuwa amevujisha siri, ikamwondoa na kumfungia akaunti zake mbele ya umma wote. Kisha, uchunguzi uliporudiwa, ikabainika kuwa tuhuma hazikuwa na ithibati, na kampuni ikamwomba radhi hadharani na kumfungulia. Katika chaguzi zilizofuata aliomba kura tena, na wachezaji wakamrudisha barazani.