Sista, Niuze Shamba? Historia ya Tiba ya Selimundu

Leo tunazungumza juu ya selimundu, ile wengi tunaiita sikoseli.

Juzi mama mmoja alikuja kliniki na mtoto wa miaka 3 mgongoni. Akaniuliza, "Sista, nasikia kuna tiba ya uboho inayomaliza sikoseli. Niuze shamba?" Nilimwomba aketi, maana jibu lake ni refu kidogo.

Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyekulia hapa Kenya na aliyekuwa akisoma Uingereza, alizunguka nchini akipima damu. Aliikuta selimundu kwa wingi Pwani na karibu na Ziwa Victoria, lakini kwa uchache sana nyanda za juu. Mwaka 1954 akaeleza sababu: anayerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Anayeirithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayeugua. Basi si laana, mama, wala hukuileta peke yako. (Akina baba mnaosikiliza, mmesikia?) Nasi wa Kitale tusijidanganye kwa baridi yetu. Wengi tulitoka Bungoma, na damu tulikuja nayo.

Sasa huo uboho. Ni kiwanda cha damu kilicho ndani ya mifupa. Mwaka 2002 wataalamu wa Italia walitangaza habari za watoto waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya, hata kinga yao ya mwili ikakosa nguvu. Walichukua chembe za uboho wa mtoto mwenyewe, wakazitia jeni nzima, wakamrudishia. Kwa selimundu, Uingereza iliidhinisha tiba inayofanana nayo, Casgevy, Novemba 2023. Marekani ilifuata Desemba. Ilianza kwa wenye miaka 12 na zaidi. Kwanza mgonjwa hupewa dawa kali za kuua uboho wa zamani, hulazwa wiki nyingi, na huenda asiweze kuzaa baadaye. Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2. Shamba gani hilo, jamani?

Nikamwambia shamba libaki. Hapo Mbale tu, ng'ambo ya mpaka, pamoja na Kilifi, Kinshasa na Luanda, watoto walijaribiwa dawa ya kumeza kila siku, haidroksiyurea. Matokeo yalitoka 2018: maumivu, malaria, kuongezewa damu na vifo vyote vilipungua. Huhitaji kupimwa damu mara kwa mara, kwa hiyo usiinunue kiholela, uliza kliniki. Mtoto wa chini ya miaka 5 apewe penisilini kila siku. Alale ndani ya neti. Akipata homa usiku, usingoje kuche.

Yule mama aliondoka na tarehe ya kurudi. Nilimwomba aje na mumewe, wapimwe wote.

Juma lijalo tutazungumza juu ya kuhara. Kwaherini.