UZI: Kibali cha ujenzi, X nyekundu na mambo tusiyoambiwa jukwaani

1/ Kila msimu wa kura hoja hii hurudi. Mmoja anasema kaunti inawahangaisha wenye ploti. Mwingine anaapa kubomoa kila jengo lisilo na kibali. Sisi tunawashangilia wote wawili. Sitaji chama wala mtu. Swali langu ni moja: mbona Wakenya hujenga kwanza, halafu ndio tuombe ruhusa?

2/ Hili nalijua kutoka nyumbani. Marehemu baba alijenga vyumba vya kupangisha bila kupitia ofisi yoyote. "Hao ukiwaendea watakunyima tu," alikuwa akisema. Asubuhi moja tukakuta X nyekundu ukutani. Nilimwona mkaidi. Baadaye nikasoma historia, nikamwelewa.

3/ Nairobi ilianza mwaka wa 1899 kama kituo cha reli. Tauni ilipozuka 1902, wakuu wa mji walichoma soko la Wahindi. Mwaka wa 1913 Profesa Simpson akashauri watu waishi kwa kutengwa kirangi. Mwafrika alihesabiwa kibarua wa kupita, si mwenyeji wa mji.

4/ Chukua Pangani. Waafrika walikuwa na nyumba zao pale, na wengine waliishi kwa kodi ya vyumba. Mwishoni mwa miaka ya 1930 kijiji kikabomolewa, wakazi wakapelekwa Shauri Moyo kwenye nyumba za manispaa. Yaani mtu alilala mwenye nyumba, akaamka mpangaji. Baada ya hapo, nani angepeleka mchoro wake kwa manispaa kwa hiari?

5/ Uhuru ukaja, lakini Kanuni za Ujenzi za 1968 ziliegemea viwango vya Uingereza. Mtu wa mapato ya chini hakuviweza. Akajenga kimyakimya, na akiulizwa akatoa kitu kidogo. Uoga wa babu zetu ukawa mazoea yetu.

6/ Hiyo ni nusu ya hadithi. Nusu ya pili ni Huruma, Aprili 2016. Jengo la ghorofa karibu na mto liliporomoka usiku wa mvua, likaua zaidi ya watu 40. Maafisa walisema halikuwa na kibali. Hapo hakukuwa na mkoloni. Waliokufa walikuwa wapangaji wa kawaida, wanaolipa kodi kila mwezi.

7/ Sheria nayo imebadilika. Katiba ya 2010 ilipeleka mipango ya miji kwa kaunti. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inasema usipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, ruhusa inahesabiwa imetolewa. Usiporidhika na uamuzi, una siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti. Kwa hivyo tunza risiti na nakala yenye muhuri. Bila hizo, utathibitishaje siku 60 zilianza lini?

8/ Mama alipotaka kujenga upya kwa mkopo wa sacco, tulimwendea afisa wa mipango kabla ya kumlipa mchoraji. Tulibeba hati ya ploti tu. Akatuonyesha mwisho wa ghorofa eneo letu, nafasi ya kuacha kando ya barabara, na kwamba laini ya maji taka haijafika kwetu. Tulitaka ghorofa tano, tukapata tatu na tangi la maji taka. Mama alinuna wiki nzima. Leo analala bila kuogopa rangi nyekundu.

9/ Kwa hivyo mgombea akija kwenu, msimuulize kama atabomoa au atasamehe. Muulizeni hivi: kaunti ina maafisa wangapi wa mipango? Ombi la ploti ndogo linachukua siku ngapi? Ramani ya matumizi ya ardhi imebandikwa wapi mwananchi aione? Akikosa jibu, basi anataka tuendelee kujenga kama baba yangu, halafu X ije baadaye.