Ukija Uvira kula samaki, uliza mwezi kwanza

Wageni wengi wakifika Uvira, kutoka Bukavu, Goma ao kwingine, wanauliza kitu kimoja: mukeke iko wapi? Wanashuka kwenye gari, wanakimbia mpaka ziwani, na mara zingine wanaambiwa samaki hakuna leo. Wanafikiri wanadanganywa. Kumbe wamefika tu siku mbaya.

Mukeke na ndagala wanavuliwa usiku. Wavuvi wanafunga mitumbwi pamoja, wanaingia ziwani jioni na wanawasha taa. Ndagala wanafuata mwangaza, mukeke naye anafuata ndagala sababu ndio chakula chake, kisha wavu unavutwa kutoka chini. Lakini mwezi ukiwa mzima, ziwa lote linaangaza na taa haina nguvu tena. Siku hizo wavuvi wengi wanabaki inchi kavu kushona nyavu, na bei ya samaki inapanda sokoni. Basi panga safari yako wakati wa giza la mwezi, na uamke mapema. Mitumbwi inarudi asubuhi, na wamama wachuuzi wanakuwa wamekwisha kuingia majini mpaka magotini kabla hata jua halijapanda.

Mukeke mbichi hauhitaji mambo mengi. Wanaupasua, wanatia chumvi na ndimu, wanauweka juu ya makala ya moto, na unauletewa na kitunguu, pilipili na ndizi za kukaanga. Wengine wanaupika na nyanya na mawese yanayotoka upande wa Fizi, halafu bugali ya muhogo na sombe pembeni. Mimi napenda wa kuchoma. Mafuta mengi yanaficha utamu wa samaki mbichi, na kuna wapishi wanaoyatumia kuficha samaki aliyelala siku mbili. Angalia macho na mashavu ya samaki kabla haijawekwa motoni, hakuna mtu atakayekasirika.

Ukibahatika utapata kuhe. Ni kati ya samaki wakubwa zaidi wa jamaa yake duniani, jamaa moja na ngege, na anapatikana katika Ziwa Tanganyika peke yake. Nyama yake ni nyeupe na nzito. Usishangae bei.

Jambo moja la afya: Uvira ni mji unaopigwa na kipindupindu mara kwa mara. Kula chakula kikiwa cha moto, nawa mikono, kunywa maji yaliyochemshwa ao yaliyotiwa dawa. Maji ya ziwa ni mazuri kwa macho tu.

Na kwa macho, mji huu una mengi. Ukitoka Bukavu kwa njia ya Kamanyola, unashuka katika joto la bonde la Ruzizi, unapita Luvungi, Luberizi na Sange. Sange wengi wananyamaza kidogo: tarehe 2 mwezi wa 7 mwaka 2010 gari la mafuta lilianguka pale na kuwaka moto, watu zaidi ya 200 wakafa. Mbele kuna Kiliba na mashamba yake ya miwa, kisha Kavimvira penye mpaka wa Burundi, kisha mji wenyewe umebanwa kati ya mlima na maji.

Sababu ya mlima huo, Uvira haina machweo ya ziwani kama ya kwenye kadi. Jua linachomoza upande wa Bujumbura, na jioni mlima unalificha mapema. Uzuri wa hapa ni alfajiri, na usiku: taa za Bujumbura ng'ambo, na taa za wavuvi katikati kama mji mwingine juu ya maji. Ukitembea kando ya ziwa gizani, kumbuka kiboko. Anatoka kula majani, na hana mchezo.

Burton na Speke walifika Uvira mwaka 1858 wakitafuta chanzo cha Nile. Waliambiwa na watu wa hapa kwamba Ruzizi inaingia ziwani, haitoki. Mwaka 1871 Livingstone na Stanley walikuja kwa mtumbwi kutoka Ujiji, wakaona kwa macho yao kwamba ni kweli. Wakaaji walikuwa wanajua tangu zamani.

Lakini ziwa lenyewe linabadilika. Maji yamepanda mara kadhaa miaka hii, na mwaka 2024 yaliingia katika nyumba za kando na katika bandari ya Kalundu. Watafiti nao waliandika tangu 2003 kwamba maji ya juu yanapata joto, hayachanganyiki vizuri na ya chini, na chakula cha samaki kinapungua. Ongeza nyavu za matundu madogo zinazobeba watoto wa samaki. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 mwezi wa 5, ili samaki wazae. Ukiona mukeke ya urefu wa kidole inauzwa, usiinunue. Bado ilikuwa haijazaa.

Ukitaka zawadi ya kurudisha nyumbani, chukua ndagala kavu. Uliza zimeanikwa wapi. Zile za juu ya waya ni safi. Zile za chini zinabeba mchanga, na mimi nilishawahi kulisha familia nzima mchanga huo. Chukua kidogo mkononi, zivunje: ikilia, imekauka. Zifunge katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki, sababu mpaka Bukavu zitatoa jasho.