Kibarua Bila Barua: Historia Fupi ya Fidia ya Mkono Huko Hanang

Katika sanduku la bati la marehemu mjomba wangu, kijijini kwetu upande wa Mbulu, zimo karatasi mbili. Ya kwanza ni cheti cha kuruhusiwa kutoka Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, ile iliyofunguliwa mwaka 1955. Ya pili ni nusu ukurasa wa daftari wenye mistari minne ya wino wa bluu: kwamba amepokea fedha, kwamba ameridhika, na kwamba hatadai tena. Chini yake pamepigwa dole gumba la kushoto. Mjomba hakuwa mbumbumbu. Ndiye aliyekuwa akisoma zaburi kanisani. Alipiga dole gumba kwa kuwa vidole vitatu vya mkono wake wa kulia vilikatwa na mashine ya kuvunia ngano, katika shamba la mkulima mmoja binafsi wilayani Hanang, wakati wa mavuno ya mwaka 1994.

Ndugu msomaji, nimekuwa nikiitazama karatasi ile ya pili kwa jicho la mwanahistoria, nikijiuliza ilitoka wapi. Simaanishi daftari. Namaanisha utaratibu uliowezesha mkono wa mtu kumalizwa kwa mistari minne.

Tuanze na neno. Kibarua ni barua ndogo. Enzi za ukoloni, mtu wa kazi za kutwa alipewa kikaratasi cha kuthibitisha kazi aliyoifanya, na jina la kikaratasi likahamia kwa kazi, kisha kwa mtu mwenyewe. Vivyo hivyo kipande, ile kadi ya siku thelathini ambayo manamba hakulipwa mpaka ijazwe. Kwa maneno mengine, mfanyakazi wa Tanganyika alitambulika kwa karatasi aliyoshika. Leo tumebaki na neno, karatasi yenyewe imetoweka. Kibarua wa sasa hana barua yoyote.

Sheria nayo ina safari yake. Mwaka 1884 Ujerumani ya Bismarck ilianzisha bima ya ajali kazini, ambamo waajiri walichangia mfuko wa pamoja na aliyeumia alilipwa bila kuulizwa kosa lilikuwa la nani. Uingereza ilifuata mwaka 1897, lakini kwa njia tofauti: kila mwajiri abebe mzigo wa mtu wake. Wajerumani walipotutawala hawakutuletea mfuko wao. Waingereza ndio waliotuletea njia yao, mwishoni mwa miaka ya 1940, kwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi iliyojulikana kama Sura ya 263. Sheria hiyo ilitutawala miongo sita. Chini yake, aliyeumia alikabiliana na tajiri wake uso kwa uso, na wangeweza kukubaliana kiasi kwa maandishi. Ofisa wa kazi alipaswa kuyakagua makubaliano hayo ili mnyonge asidhulumiwe.

Mwaka 1994, mkoa wa Manyara haukuwapo, ulizaliwa 2002. Hanang, iliyokuwa imemegwa kutoka Mbulu, ilikuwa ndani ya mkoa wa Arusha, na mambo ya mkoa yalimalizwa Arusha mjini. Kutoka Katesh hadi huko kulikuwa na barabara ya vumbi na siku nzima ya safari, achilia mbali nauli na mahali pa kulala, kwa mtu mwenye mkono uliofungwa bendeji. Nilipokuwa kijana nilimuuliza kwa nini hakwenda. Akanijibu, “Mjomba, ningekwenda kusema mimi ni mfanyakazi wa nani? Jina langu halikuandikwa popote.”

Hata angefika, angekutana na tatizo jingine. Sura ya 263 iliweka kikomo cha fidia kwa tarakimu za shilingi, na tarakimu hizo zikaachwa palepale huku shilingi ikiyeyuka. Mpaka Bunge lilipotunga sheria mpya mwaka 2008, kiwango cha juu kwa ulemavu wa kudumu kilikuwa shilingi 108,000, na kwa kifo shilingi 83,000. Kwa thamani ya shilingi saba kwa dola, tuliyokuwa nayo mwanzoni mwa miaka ya 1970, shilingi 108,000 zilizidi dola 15,000. Mwaka 2008, dola ilipokuwa karibu shilingi 1,200, zilikuwa kama dola 90. Hakuna aliyesimama bungeni kupunguza thamani ya mkono wa Mtanzania. Ilitosha kunyamaza.

Hanang ina kumbukumbu nyingine ya fidia, nayo siwezi kuipita. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba makubwa ya ngano katika tambarare za Basotu. Yalifika saba, yenye jumla ya takriban ekari 100,000, juu ya ardhi ambayo Wabarabaig walichungia ng'ombe na kuzikia wazee wao. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani. Mahakama Kuu ya Arusha ikawapa ushindi. Katikati ya miaka ya 1980 Mahakama ya Rufani ikautengua. Kijiji, ilisema, hakikuthibitisha kwamba kiligawiwa ardhi ile kwa utaratibu wa sheria, na wanakijiji hawakuthibitisha kuwa ni “wenyeji” kwa maana ya Sheria ya Ardhi ya kikoloni. Mbarabaig akatakiwa kuthibitisha kwamba ni mwenyeji wa Hanang! Wanasheria watanikumbusha kuwa ardhi na ajali kazini ni matawi tofauti ya sheria. Nakubali. Ila swali lililomwangusha mchungaji wa Mulbadaw ndilo lililomzuia mjomba kwenda Arusha: karatasi yako iko wapi?

Sheria ya 2008 ilibadili njia kabisa. Iliunda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi mwaka 2015 na kuanza kulipa mafao mwaka 2016. Waajiri wote huchangia, na Mfuko ndio unaolipa. Yaani baada ya zaidi ya karne moja tumeifikia ile njia ya Wajerumani ambayo Wajerumani wenyewe hawakutupatia. Hesabu nayo sasa inafuata mshahara. Tuseme kijana analipwa shilingi 200,000 kwa mwezi, na daktari amempima ulemavu wa kudumu wa asilimia 25. Asilimia 70 ya mshahara ni 140,000. Zidisha kwa miezi 84, kisha chukua robo yake: shilingi 2,940,000 kwa mkupuo. Ulemavu ukizidi asilimia 30, hulipwa pensheni ya kila mwezi. Si utajiri, lakini si nusu ukurasa wa daftari.

Hata hivyo taarifa ya ajali inatakiwa kutolewa ndani ya miezi 12, na kila hatua inamhitaji mwajiri anayejulikana na mshahara unaothibitika. Katika ofisi za serikali na makampuni hilo ni jambo dogo. Katika mashamba ya vitunguu ya Basotu, au ya vitunguu saumu ya Mbulu, ambako watu hulipwa kwa gunia au kwa ekari na mwenye shamba huonekana siku ya malipo tu, ni mlima.

Msimu uliopita nilisimama kando ya barabara nje ya Katesh, kulikokuwa na kombaini ya kukodi ikivuna. Kijana mmoja alikuwa akichomoa kwa mkono makapi yaliyokwama, injini ikinguruma. Walipopumzika nilimwamkua, nikamuuliza kama ana mkataba. Akacheka. Nikamuuliza kama kuna mahali popote palipoandikwa kwamba anamfanyia kazi mwenye mashine. Alifikiri kidogo, akatoa simu, akanionyesha ujumbe wa malipo ya wiki iliyotangulia: jina la tajiri, kiasi, tarehe, saa.

Nilimwambia asiufute.