Mbuzi Waliowafundisha Wapiga Mbizi Kutokuwa na Haraka

Miaka ya 1870, vibarua waliochimba misingi ya daraja la Brooklyn, New York, walifanya kazi chini kwenye hewa iliyogandamizwa. Wakipanda juu fasta, viungo vinauma balaa. Wengine walipooza, wengine wakafa. Ishu ni nitrojeni: hutoa mapovu mwilini, kama soda ikifunguliwa.

Mwaka 1908 watafiti wa Uingereza, baada ya kuwajaribu mbuzi, walitoa majedwali ya kupanda kwa vituo.

Sasa cheki Matema, Ziwa Nyasa: kama mita 470 juu ya usawa wa bahari. Mbeya mjini ni kama 1,700! Ukizamia kwa mtungi asubuhi, ukageuza na gari jioni, bado unapanda. Lala Kyela, subiri angalau saa 18. Mbeya haihami.