Ziara za mashambani zinavyowaokoa wakulima wa matufaha Marekani na hasara ya miaka 20

Na Mwandishi Wetu

MKULIMA wa mahindi akikosea kuchagua mbegu mwaka huu, msimu ujao anaweza kujirekebisha. Mkulima wa matufaha hana bahati hiyo, kwani mti akishaupanda ataishi nao miaka 15, 20 au zaidi, uwe unampa faida au hasara.

Ndiyo sababu wakulima wa matunda wa Marekani na Canada wamejijengea desturi ya kutembelea mashamba ya wenzao kila majira ya joto, kabla hawajatoa fedha za kununua miche.

Ziara hizo si za matembezi, ingawa hufanyika wakati ambapo wengi katika nchi hizo wako likizo. Wakulima hupanda basi asubuhi, huteremka katika shamba moja baada ya jingine, na kila wanapofika hutazama miti, huuliza gharama na kubishana na mwenye shamba pamoja na wataalamu waliofuatana nao.

Kwa mlaji wa mjini, tufaha, ambalo sokoni wengi huliita epo, ni tunda la kuchagua kwa rangi na bei. Nyuma ya tunda hilo, hata hivyo, upo uamuzi uliofanywa miaka mingi kabla, na mara nyingi mwenye uamuzi huo aliufikia akiwa amesimama katika shamba la mtu mwingine.

Chimbuko lake

Fikra ya kumpelekea mkulima elimu shambani kwake ina historia ndefu nchini Marekani. Sheria ya mwaka 1862 iliwezesha majimbo kuanzisha vyuo vya kilimo, ya mwaka 1887 ikagharimia vituo vya utafiti, na ya mwaka 1914 ikaunda huduma ya ugani inayounganisha vyuo hivyo na wakulima.

Mwaka 1958, katika Jimbo la Michigan, wakulima wakishirikiana na wataalamu wa chuo walianzisha chama cha kueneza elimu ya miti mifupi ya matunda. Chama hicho kilipanuka, kikabadili jina, na leo hujulikana kama International Fruit Tree Association. Wanachama wake hukutana wakati wa baridi kwa mihadhara, na majira ya joto hufanya ziara ya mafunzo, kila mara katika eneo tofauti.

Vyuo vikuu vya majimbo, vikiwamo Cornell cha New York na Michigan State, navyo hushiriki kuandaa ziara ndogo za siku moja kwa wakulima wa maeneo yao.

Kwa nini mti mfupi

Ili kuelewa kinachotazamwa katika ziara hizo, ni vyema kuelewa kwanza mti wenyewe. Kama ilivyo kwa miche ya maembe na machungwa ya kubebesha inayouzwa hapa nchini, mti wa tufaha wa biashara ni miti miwili iliyounganishwa. Sehemu ya juu ndiyo inayoamua aina ya tunda. Shina la chini, lenye mizizi, huamua urefu wa mti, muda wa kuanza kuzaa na uwezo wa kustahimili baadhi ya magonjwa.

Kituo cha utafiti cha East Malling kilichoko Kent, Uingereza, kilichoanzishwa mwaka 1913, ndicho kilichopanga mashina hayo kwa makundi na kuyapa namba. Mashuhuri zaidi ni lile liitwalo M.9, ambalo huufanya mti uwe mfupi na uzae mapema.

Zamani miti iliyokuzwa juu ya mashina marefu ilifikia mita nane hadi 10. Ekari moja ilikuwa na miti 40 hivi, wavunaji walipanda ngazi, na mkulima alisubiri miaka saba au zaidi kabla ya kupata mavuno ya maana.

Katika mashamba ya sasa ya mtindo wa miti mirefu myembamba, miti hupandwa kwa umbali wa takriban mita moja katika mstari na hushikiliwa kwa nguzo na waya. Ekari moja huchukua miti 1,000 au zaidi, nayo huanza kuzaa mwaka wa pili au wa tatu.

Faida hiyo ina bei yake. Anayepanda miti 1,000 mahali pa miti 40 hununua miche mingi zaidi, nguzo, waya na mara nyingi mabomba ya umwagiliaji wa matone. Kwa hiyo kadiri kilimo hicho kinavyozidi kuwa cha kisasa, ndivyo kosa la mwanzo linavyozidi kuwa ghali.

Julai shamba halifichi kitu

Wakati wa baridi, mti wa tufaha hauna majani. Mgeni anaweza kuona umbo lake na jinsi ulivyopogolewa, lakini hawezi kujua utazaa nini.

Ifikapo Julai, hali ni tofauti. Maua yamekwisha pita, matunda machanga yaliyozidi yamepunguzwa, na mavuno makuu hayajaanza. Matunda yako mtini, na kila alichofanya mkulima tangu masika kinaonekana: mzigo wa mti, urefu wa machipukizi, rangi ya majani, wadudu na magonjwa.

Jambo la kwanza linalohesabiwa ni idadi ya matunda katika kila mti. Mti ulioachiwa matunda mengi kupita kiasi hutoa matunda madogo, na mbaya zaidi, mwaka unaofuata huweza kuzaa kidogo sana. Sababu ni kwamba vichipukizi vya maua ya mwaka ujao huanza kujiunda majira haya haya ya joto, na mzigo mkubwa huvizuia.

Aina ya Honeycrisp ni mfano mzuri. Ilizalishwa katika Chuo Kikuu cha Minnesota kutokana na mbegu zilizochavushwa mwaka 1960, ikatolewa kwa wakulima mwaka 1991, na walaji wakaipenda kwa utamu na mkwaruzo wake mdomoni. Lakini shambani ni mti msumbufu. Huelekea kuzaa mwaka mmoja na kupumzika mwingine, na matunda yake hupata madoa machungu yanayohusiana na upungufu wa madini ya kalsiamu ndani ya tunda.

Mambo hayo hayaandikwi katika tangazo la muuza miche. Mkulima huyaona anapokuwa kati ya mistari, akitazama mti ule ule uliopandwa juu ya mashina mawili tofauti na kumuuliza mwenyeji ni sanduku ngapi zilitupwa mwaka uliopita.

Funzo la Michigan

Umuhimu wa kuuliza maswali ya namna hiyo ulidhihirika mwezi Mei mwaka 2000, kusini-magharibi mwa Michigan, jimbo lile lile ambalo chama cha miti mifupi kilizaliwa.

Hali ya joto na mvua iliyokuja wakati miti ikiwa na maua ilichochea ugonjwa wa bakteria aina ya Erwinia amylovora, ambao hulifanya tawi lionekane kama limeunguzwa kwa moto. Ugonjwa huo ni mkongwe. Ulionekana katika Bonde la Mto Hudson, New York, tangu mwishoni mwa karne ya 18.

Safari hii ulikuta mashamba mengi yenye miti michanga iliyopandwa juu ya mashina M.9 na M.26, ambayo yote huathirika kwa urahisi. Bakteria hao huweza kushuka ndani ya mti hadi shina la chini. Tawi lililougua hukatwa na mti ukapona, lakini shina la chini likifa, mti wote umekwenda.

Aidha, katika baadhi ya mashamba ya eneo hilo dawa ya streptomaisini, iliyotegemewa kwa muda mrefu, ilikuwa imeanza kushindwa, kwani bakteria sugu walikuwa wamegunduliwa huko tangu mwaka 1990.

Miti iliyokufa ilikadiriwa kuwa kati ya 350,000 na 450,000, na hasara kuwa kiasi cha Dola milioni 42 za Marekani. Kwa mkulima aliyekopa ili apande, mti uliokufa katika mwaka wake wa tatu uliacha deni bila kuacha tunda.

Tukio hilo halikuwarudisha wakulima katika miti mirefu ya zamani. Liliwafanya waulize swali jingine: yako wapi mashina mafupi yanayostahimili ugonjwa huo?

Jibu lilikuwa likiandaliwa Geneva, New York, ambako Chuo Kikuu cha Cornell kilikuwa kimeanza kuzalisha mashina hayo mwaka 1968 na baadaye kushirikiana na Wizara ya Kilimo ya Marekani. Mashina kama G.11, G.41 na G.935 yametokana na kazi hiyo. Kati ya kuanza utafiti na mkulima kupata miche ya kutosha hupita miongo kadhaa, na shamba la majaribio ndilo mahali pa kuyaona mashina hayo kabla hayajaenea.

Baridi nayo ilitoa somo lake. Machi 2012 Michigan ilipata joto lisilo la kawaida, miti ikachanua mapema, kisha Aprili ikaja jalidi iliyoua maua. Jimbo hilo lilipoteza takriban asilimia 90 ya matufaha yake mwaka huo. Tangu hapo, mgeni anayejali hatazami miti peke yake. Hutazama pia mwinuko wa ardhi, kwa kuwa hewa baridi hushuka na kutuama mabondeni, na huuliza kama mwenyeji ana mapangaboi makubwa ya kuchanganya hewa usiku wa baridi.

Mshindani kumfungulia mwenzake lango

Msomaji anaweza kujiuliza kwa nini mfanyabiashara amwoneshe mshindani wake siri zake.

Sababu moja ni kwamba bei ya matufaha huamuliwa na soko kubwa, ambamo shamba moja ni tone tu. Jimbo la Washington peke yake hutoa zaidi ya nusu ya matufaha yote ya Marekani. Mkulima wa New York au Michigan hatajirishwi na kuanguka kwa jirani yake; wote wawili wanapambana na soko lile lile.

Sababu ya pili ni kwamba mwenyeji naye hujifunza. Wageni wanaopita katika mistari yake ni watu waliokaa na miti maisha yao yote, na aghalabu mmoja wao amekwisha kuliona tatizo linalomsumbua mwenyeji.

Hata hivyo, uwazi huo una mipaka. Baadhi ya aina mpya hupandwa kwa leseni tu. Cosmic Crisp, iliyozalishwa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington na kuingia sokoni mwaka 2019, ilitengwa kwa wakulima wa jimbo hilo pekee kwa miaka yake ya mwanzo. Mgeni kutoka jimbo jingine huweza kuitazama na kuisifia, lakini hawezi kwenda kuipanda.

Upo pia udhaifu wa ziara zenyewe. Kwa kawaida mwenyeji huonesha shamba lake bora. Mbinu inayofaa katika udongo wake na kwa uwezo wake wa fedha yaweza isimfae mgeni. Zaidi ya hayo, wageni wengi huweza kubeba wadudu na magonjwa katika viatu na magari, hivyo wapo wenyeji wanaotaka viatu vifunikwe au visafishwe kabla ya kuingia.

Somo lisilo la Marekani pekee

Hapa Tanzania matufaha hulimwa kwa kiasi katika maeneo ya baridi kama Lushoto na Njombe, na mengi yanayouzwa mijini hutoka nje, hususan Afrika Kusini. Lakini hoja ya mti wa miaka mingi inamhusu pia aliyepanda parachichi la Hass katika Nyanda za Juu Kusini, maana naye hungoja miaka kabla ya kuvuna na hawezi kubadili mche kila msimu.

Utaratibu wa kujifunzia shambani si mgeni kwetu. Shamba darasa, lililoanza Indonesia mwaka 1989 chini ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) kwa wakulima wa mpunga, limeenea Afrika Mashariki, na kila Agosti vipando vya maonesho ya Nane Nane huvuta watu wengi.

Tofauti ni kwamba kipando cha maonesho hutunzwa ili kipendeze kwa siku chache, wakati shamba la mkulima mwenzako limeshapitia ukame, wadudu na bei mbaya. Anayetaka kupanda miti ya matunda atafaidika zaidi akienda kwa mkulima huyo, hasa kabla ya mavuno, na kumwomba amtembeze sehemu tatu: mstari uliozaa vizuri, mstari uliozaa vibaya, na mahali palipokuwa na miti iliyong'olewa.

Hapo ndipo aulize mche ulinunuliwa kitalu gani, ulibebeshwa juu ya shina gani, na mwenyeji angefanya nini tofauti kama angekuwa anaanza leo. Majibu hayo ni ya bure siku ya ziara. Baada ya miche kupandwa, kila jibu hupatikana kwa gharama ya miti.