Siku 25 za Michel Siffre

Wenzake walipompigia simu tarehe 14 Septemba 1962 kumwambia muda umekwisha, Michel Siffre alishangaa. Kwa hesabu yake ilikuwa tarehe 20 Agosti.

Mwanajiolojia huyo wa Ufaransa, kijana wa miaka 23, alikuwa ameshuka shimo la Scarasson katika milima ya Alps tarehe 16 Julai. Alipiga hema kando ya barafu, zaidi ya mita 100 chini ya ardhi, hana saa wala haoni jua. Kila alipoamka, alipokula na alipotaka kulala alipiga simu juu, na walinzi mlangoni wakaandika saa. Wao walikatazwa kumpigia, wasije wakamdokezea wakati. Tena alijipima: ahesabu moja mpaka 120, kila namba sekunde moja. Dakika mbili zake zilimchukua tano.

Basi akili ilikuwa imepotea kabisa. Mwili je? Daftari la walinzi lilionyesha jambo ambalo mwenyewe hakulijua: alikuwa akilala na kuamka kwa mzunguko wa takriban saa 24 na nusu, karibu sawa na waliokuwa juani.

Fununu kwamba mwili una saa yake ilikuwapo zamani. Mwaka 1729 Mfaransa mwingine, de Mairan, aliufungia gizani mmea wa aina ya kifauwongo, na majani yakaendelea kufunguka mchana na kujikunja usiku. Mwaka 1938 Nathaniel Kleitman wa Chicago alikaa siku 32 na mwanafunzi wake katika pango la Mammoth, Kentucky, wakijilazimisha siku ya saa 28. Mwanafunzi alizoea, mwalimu, aliyekuwa na miaka zaidi ya 40, mwili ulimgomea.

Saa yenyewe ilipatikana mwaka 1972, tena kwenye ubongo wa panya: vifungu viwili vya seli, vidogo kuliko punje ya mchele, juu ya njia panda ya mishipa ya macho. Mahali pale hapakuja kwa bahati. Mwanga wa asubuhi hupita jichoni na kuirekebisha saa. Giza likiingia, saa huruhusu homoni ya melatonini kumwagwa damuni, na usingizi ukakaribia.

Mwaka 1999 watafiti wa Harvard walipima upya mzunguko wa mwili wa binadamu, taa zikiwa hafifu, wakapata saa 24 na dakika kama 11 tu. Katika majaribio mengi ya awali watu waliwasha taa wapendavyo, na mwanga wa kabla ya kulala huichelewesha saa ya mwili.